Kiburi cha Nani? Juu ya Kufundisha Ngano za Wenye Majivuno

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tuliketi nyuma ya darasa la tatu kumsikiliza mwanachuo akifundisha kisa cha Sungura na Kobe. Andalio lake la somo lilikuwa safi, michoro yake ilionekana hadi dawati la mwisho, na sauti yake ilipanda na kushuka panapostahili. Watoto walicheka sungura alipolala chini ya mti, na walipiga makofi kobe alipofika mwisho wa mbio. Kisha, ili kulihitimisha somo, mwanachuo akauliza: "Je, humu darasani hamna sungura?" Vidole vikaelekezwa kwa mtoto mmoja wa kike aliyeketi mbele, ambaye tangu kipindi kuanza alikuwa amejibu karibu kila swali. Mwanachuo alitabasamu, akasema, "Basi na ajihadhari." Darasa likaangua kicheko, na kengele ikalia.

Baada ya juma moja tulirudi katika darasa lile. Somo lilikuwa hesabu. Mtoto yule alikuwa palepale, na daftari lake lilikuwa na majibu sahihi, lakini hakunyosha mkono hata mara moja. Alipoitwa kwa jina alisimama, akatazama sakafu, akasema kwamba hajui. Jibu lilikuwa limeandikwa mbele yake kwa mwandiko wake mwenyewe.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mwanachuo yule. Alifanya kama alivyofanyiwa alipokuwa mtoto, na kama sisi wenyewe tulivyofanya miaka mingi kabla hatujajiuliza. Tunaandika kwa sababu ngano za wenye majivuno waliotwezwa ni miongoni mwa ngano zinazopendwa mno katika shule zetu za msingi, na tunaona kwamba aghalabu tunazifundisha kinyume. Ngano hizi, tukizitazama vizuri, nyingi zake ni kemeo kwa mwenye nguvu aliyemdharau asiye na nguvu. Sisi tumezigeuza kuwa fimbo ya kumchapia mtoto asiye na nguvu yoyote ila akili yake. Rai yetu katika makala haya ni kwamba kabla mwalimu hajasimulia ngano ya namna hii hana budi kujiuliza swali moja: kiburi kinachoangushwa humu ni kiburi cha nani, na kilimdhuru nani?

Aliyeinuliwa na paa

Na tuanze na ngano ya nyumbani. Katika mwaka 1870 Edward Steere alichapisha huko London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Miongoni mwazo imo hadithi ya Sultani Darai, na wazee wengi wa pwani wanaijua kwa namna moja au nyingine. Mwanachuo ambaye hajaisikia na aitafute, maana ni hazina.

Palikuwa na maskini aliyeishi kwa kuchakura jaani, akitafuta punje za mtama ili apate kula. Siku moja aliokota thumuni. Akapita mtu aliyebeba tundu lenye paa, naye maskini akatoa ile thumuni yake yote akanunua paa mmoja, huku watu wakimcheka kwamba mtu asiye na chakula chake ananunua mnyama wa kumlisha. Kumbe paa yule alikuwa na uwezo wa kusema. Siku moja alipokwenda malishoni akaona almasi, akaichukua hadi kwa sultani wa mji wa mbali, akasema kwamba ni zawadi kutoka kwa bwana wake, Sultani Darai, anayeomba kumwoa binti yake. Paa akamwogesha bwana wake, akampatia nguo, akamwoza binti wa sultani. Kisha akamwua joka lenye vichwa saba, na jumba la joka lile pamoja na mali yake yote yakawa ya bwana wake. Hivyo mtu wa jaani akawa bwana mkubwa.

Hatimaye paa akaugua. Bibi kizee aliyekuwa akimtunza alipanda juu kwa bwana kumweleza hali ya mgonjwa. Bwana hakushuka kumtazama. Alisema apikiwe uji wa mtama, chakula kile kile kilichokuwa kikimshibisha yeye alipokuwa jaani. Mkewe alipomsihi, alijibu kwamba paa huyo alinunuliwa kwa thumuni tu, hivyo hakuona sababu ya kusumbuka kwa ajili yake. Paa akafa kwa uchungu wa moyo kuliko uchungu wa maradhi, na mzoga wake ukatupwa kisimani. Usiku ule bwana akaota kwamba yuko jaani anachakura. Alipozindukana, kweli alikuwa jaani, na mkono wake umo takatakani.

Hebu tuipime ngano hii kwa makini, maana humo limo jambo lote tunalotaka kulisema. Maskini huyu alipanda mno. Alitoka jaani akafika katika jumba la kifalme, akamwoa binti wa sultani kwa jina ambalo si lake. Kama ngano hizi zingekuwa zinaadhibu watu kwa sababu ya kupanda, basi adhabu ingemwangukia siku ya harusi. Lakini haikumwangukia. Msimulizi anamfurahia katika kila hatua, na hadhira humfurahia pamoja naye. Adhabu inakuja siku ile tu anapoambiwa kwamba aliyempandisha ni mgonjwa, naye akakataa kushuka ngazi. Kosa lake ni kumhesabu mfadhili wake kwa thamani ya thumuni. Hakushitakiwa kwa kuwa juu.

Wahenga walilisema jambo hilo kwa maneno machache: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Methali hiyo haimkatazi baharia kuwa nahodha. Inamtaka nahodha ayakumbuke makasia.

Mwanachuo anayeifundisha ngano hii kwa pupa ataandika ubaoni: "Funzo: Kiburi si kizuri." Watoto watanakili, na hakuna atakayekuwa amejifunza kitu. Akiifundisha kwa utulivu atawauliza: Paa alitaka nini kwa bwana wake? Je, alitaka mali? Kwa nini msimulizi alichagua uji wa mtama badala ya kusema tu kwamba paa alinyimwa chakula? Mtoto wa miaka 9 anaweza kuyajibu maswali haya. Tumewahi kumsikia mmoja akisema kwamba bwana yule alimpa paa chakula cha jaani kwa sababu alitaka jaa liwe la paa, lisiwe lake tena. Sisi wenyewe tulikuwa hatujaiona maana hiyo.

Manyoya ya kuazima

Ngano ya pili inajulikana sana Afrika Magharibi, na wengi wetu tuliipata katika riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Kobe, akiwa na njaa, anawaomba ndege wamchukue karamuni mbinguni. Kila ndege anampa unyoya mmoja, naye anapata mabawa. Njiani anawashawishi wote wajipe majina mapya, na yeye anajiita "Ninyi Nyote." Chakula kinapoletwa anauliza kimeandaliwa kwa ajili ya nani, na wenyeji wanajibu kwamba ni kwa ajili yenu nyote. Basi kobe anakula peke yake, na ndege wanabakishiwa mifupa. Ndege wanakasirika, kila mmoja anachukua unyoya wake, na kobe anabaki mbinguni bila bawa. Anatuma ujumbe nyumbani ili mkewe atandike vitu laini uani, lakini mjumbe, aliye na hasira kama wenzake, anaugeuza ujumbe. Kobe anaangukia vitu vigumu, na gamba lake linapasuka vipande vipande. Ndiyo sababu hadi leo lina mistari.

Hapa tena tutazame ni nini kilichoadhibiwa. Kuruka hakukuadhibiwa, kwa maana ndege wenyewe walimrusha. Kusema vizuri hakukuadhibiwa, kwa maana ndege walimchagua awe msemaji wao. Kilichoadhibiwa ni kulitumia jina la wote kula haki ya wote. Na wanaomshusha hawampigi wala hawamtukani. Kila mmoja anachukua kilicho chake, na mara moja inaonekana kwamba kobe mwenyewe hakuwa na kitu.

Sisi tulioishi katika nchi zilizojenga vyama vya ushirika, na kuona baadhi yake vikifilisiwa na viongozi wake wenyewe, hatuna haja ya kufafanuliwa ngano hii. Hata watoto wanaielewa haraka, kwa kuwa kila darasa lina kiongozi aliyetumwa kuwagawia wenzake daftari akabaki na mbili. Lakini ajabu ni kwamba ngano hii, inayomkemea msemaji wa watu, inafundishwa kana kwamba inamkemea kila mtu anayetaka kuruka. Tumewahi kuona katika maandalio ya somo: "Funzo: Turidhike na hali zetu." Mwenye kuandika hivyo amesimama upande wa kobe bila ya kujua, maana anayefaidika wengine wanaporidhika na mifupa ni yule aliyekula nyama.

Sungura yupi?

Sasa turudi kwa sungura wa darasa la tatu. Katika ngano nyingi za Afrika ya Mashariki sungura si mwenye kiburi. Ni mdogo anayeishi kwa akili kati ya wakubwa wanaoishi kwa meno. Ndiye anayempeleka simba kisimani akamwonyesha simba mwingine majini, na simba, kwa kutostahimili kwamba yuko mwingine kama yeye, anajitosa na kufa. Kisa hicho ni cha kale sana. Kimo katika Kalila na Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitafsiri kwa Kiarabu katika karne ya 8 kutoka katika Kiajemi cha kale, na asili yake ni Bara Hindi. Katika kisa hicho mwenye majivuno ni mfalme, na mdogo ndiye anayemtumbukiza.

Sungura anayejivuna na kulala njiani ni wa Aesop wa Ugiriki, naye ndiye aliyejaa katika vitabu vya shule. Bibi zetu nao walikuwa na mashindano yao ya mbio, na katika sehemu nyingi za Afrika yanasimuliwa hivi: kobe anawapanga ndugu zake njia nzima, mmoja kila kituo, na kila mpinzani anapoita, kobe aliye mbele anaitika. Mwenye mbio anakimbia hadi anachoka, asijue kwamba anashindana na ukoo mzima. Katika kisa cha Aesop mwenye kipawa anashindwa kwa uvivu wake. Katika kisa cha bibi mwenye kipawa anashindwa kwa sababu yuko peke yake na wenzake wameungana. Funzo la kwanza ni juu ya bidii. La pili ni juu ya umoja, na pengine juu ya hila. Hakuna hata kisa kimoja kati ya hivyo kinachosema kwamba kukimbia upesi ni dhambi.

Kwa hiyo mwanachuo yule alipouliza nani ni sungura, darasa lilimwonyesha mtoto mwenye mbio, si mtoto mwenye dharau. Hakuwa amelala njiani. Hakuwa amemcheka aliye nyuma. Kosa lake lilikuwa kujua majibu. Na kwa kuwa mwalimu hakuwa ametenganisha kipawa na dharau, watoto nao hawakutenganisha, na mtoto akajifunza kwamba usalama uko katika kunyamaza.

Ngano zinazostahili kuhojiwa

Hatuna budi kukiri kwamba zipo ngano ambazo zenyewe zimeegemea upande wa mwenye nguvu. Mshairi wa Kirumi Ovid, katika Metamorphoses, kazi aliyoikamilisha yapata mwaka 8 B.K., anasimulia habari za Arachne, msichana mfumaji wa ukoo usio na jina, aliyethubutu kushindana na mungu wa kike wa ufumaji. Kwa kawaida kisa hiki hufupishwa kuwa onyo dhidi ya majivuno: alijisifu, akageuzwa kuwa buibui. Lakini Ovid mwenyewe anaeleza kwamba kitambaa cha Arachne hakikuonekana kasoro, na kwamba kilionyesha maovu waliyoyatenda miungu. Mungu yule alikichana kitambaa kwa hasira, akampiga msichana. Je, mwenye kiburi hapo ni nani? Ni fundi aliyeijua kazi yake, au ni mkubwa asiyestahimili kushindwa?

Huku kwetu nako kuna ngano ya msichana aliyekataa wachumba. Anawakataa vijana wa kijijini mmoja baada ya mwingine, mpaka anakuja mgeni mzuri kupita kiasi. Msichana anamfuata, na kumbe mgeni ni zimwi, au jini, au chatu. Inasimuliwa kwa namna nyingi katika bara letu, na aghalabu hufungwa kwa kusema kwamba msichana aliponzwa na kiburi. Hatusemi isisimuliwe. Ina hekima ya kweli juu ya wageni wazuri wasiojulikana kwao. Lakini mwalimu anayeiacha bila maswali anawaambia wasichana wa darasa lake kwamba kuchagua ni kujivuna, na kwamba aliyekataa alistahili kuliwa. Yafaa awaulize: Je, msichana aliulizwa kwa nini aliwakataa wale wa kwanza? Je, kijana anayekataa wasichana watatu huitwa mwenye kiburi? Watoto watabishana. Na wabishane.

Kiburi na kujiamini

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Mwalimu mzoefu atasema: "Nyinyi mnaandika mkiwa chuoni. Mimi nina wanafunzi 80 katika chumba kimoja, na wamo wanaowacheka wenzao kwa nguo zao, kwa kigugumizi chao, kwa kushindwa kusoma. Hao wasikemewe?" Wakemewe, tena bila kusita. Mtoto anayemcheka mwenzake asiyejua kusoma anafanya lile lile alilofanya bwana wa jaani, na ngano ya paa ni dawa yake. Tunachokataa ni kumkemea mtoto mwingine pamoja naye, yule anayejua tu na anafurahi kujua.

Kipimo chetu ni hiki. Kujiamini husema, "Mimi naweza." Kiburi husema, "Wewe huwezi." Mwenye kujiamini hahitaji mtu wa kukanyaga, mwenye kiburi hawezi kusimama bila kukanyaga mtu. Ni rahisi kuwatofautisha darasani: muweke mtoto anayejua karibu na asiyejua, uwape kazi moja, utazame. Kama anamwelekeza, hana kiburi hata kama anajisifu uwanjani. Kama anaficha daftari na kumcheka, hapo kuna kazi ya kufanywa.

Wala wazo hilo si geni katika nchi yetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere aliilaumu elimu iliyowatenga waliosoma na jamii iliyowasomesha. Lakini katika maandiko hayo hayo alitaka elimu ijenge udadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine, na hali ya mtu kujiamini kama raia huru aliye sawa na wenzake. Yaani alipinga kiburi na kudai kujiamini kwa pumzi moja. Sisi walimu tumeshika nusu ya kwanza na kuidondosha ya pili.

Njia ya kufundishia

Ndugu mwanachuo, sasa tuseme juu ya kazi yenyewe. Kwanza, simulia ngano kwa mdomo, kitabu kikiwa kimefungwa. Ngano inayosomwa kutoka kitabuni huku mwalimu ameinamisha kichwa hupoteza nusu ya uhai wake. Ijue vizuri kiasi cha kuweza kuwatazama watoto machoni, na uwaache waitikie kama wanavyoitikia nyumbani.

Pili, simama kabla ya anguko. Bibi kizee anapopanda kwa bwana kumwambia kwamba paa ni mgonjwa, nyamaza, uwaulize watoto: "Wewe ungesema nini?" Waigize wawili wawili, mmoja bibi, mwingine bwana, kisha wabadilishane. Aliyekuwa bwana akishakuwa bibi, hatahitaji kuandikiwa funzo.

Tatu, baada ya ngano uliza maswali matatu, nayo yanafaa kwa ngano yoyote ya namna hii. Mwenye kiburi aliinuliwa na nani? Akiwa juu, alimnyima nani haki yake? Alishushwa na nani, na kwa njia gani? Ngano ikikosa jibu la swali la pili, kama ile ya Arachne, jua kwamba pengine mwenye kiburi si yule aliyetajwa.

Nne, usilitaje funzo wewe. Waache watoto walitafute, hata wakileta mafunzo matano yanayopingana. Funzo lililonakiliwa ubaoni hukaa katika daftari. Lililobishaniwa huenda nalo nyumbani.

Tano, na hili ndilo kubwa, usimfanye mtoto yeyote kuwa mfano wa mhusika mwovu. Usiulize sungura ni nani. Usiseme "kama fulani." Ngano ni kioo, na kila mtoto atajiona mwenyewe akipewa nafasi, lakini kioo kikishikwa na mwalimu na kuelekezwa kwa mtoto mmoja, wengine wote huacha kujitazama wakamtazama yeye.

Aliye juu darasani

Iko hadithi nyingine ya Unguja, iliyomo katika kitabu alichokichapisha George W. Bateman huko Chicago mwaka 1901, juu ya mwalimu aitwaye Goso. Goso alikuwa akifundisha watoto chini ya mti. Paa alipanda kuiba matunda, akaangusha buyu, likampiga mwalimu akafa. Wanafunzi wake walimzika, kisha wakaenda kumtafuta aliyemwua. Wakaukamata upepo wa kusi, wakaupiga. Upepo ukasema kwamba ungekuwa na nguvu hivyo usingezuiwa na ukuta. Wakaupiga ukuta, ukuta ukasema kwamba ungekuwa na nguvu usingetobolewa na panya. Panya akamtaja paka, na paka akataja kamba, kamba ikataja kisu, kisu kikataja moto, moto maji, maji ng'ombe, ng'ombe kupe, na kupe akamtaja paa, ambaye hakuwa na la kusema.

Watoto huipenda hadithi hii kwa mnyororo wake, na ni zana nzuri ya kuzoeza kumbukumbu. Sisi tunaipenda kwa mambo mawili. La kwanza, kila mwenye nguvu humo anakiri kwa kinywa chake kwamba yuko anayemshinda, na kukiri huko hakumwondolei heshima: upepo unabaki upepo, na moto unabaki moto. La pili ni chungu zaidi. Wanafunzi wa Goso wanampiga kila wanayemkuta, kisha ndipo wanamsikiliza. Hatujui walijifunza wapi kupiga kabla ya kuuliza, lakini hadithi inatuambia kwamba walikuwa na mwalimu mmoja tu.

Ndani ya chumba cha darasa aliye juu ni mmoja. Ndiye mwenye chaki, mwenye kauli ya mwisho, na mwenye uwezo wa kuwafanya watoto 80 wamcheke mmoja. Kwa hiyo ngano ya mwenye majivuno inaposimuliwa humo, wa kwanza kuisikiliza anapaswa kuwa yeye anayeisimulia. Mwanachuo anapopata cheti na kupangiwa kituo anapanda ngazi, na sisi tunamfurahia. Na akumbuke tu kwamba aliinuliwa na wengi, na kwamba baadhi yao wameketi mbele yake wakiwa hawana viatu.

Tumalizie kwa kukiri kosa letu. Somo lile la Sungura na Kobe tulilitathmini sisi, nasi tulilipa alama za juu. Katika fomu yetu ya tathmini kulikuwa na nafasi ya andalio, ya zana, ya sauti, ya matumizi ya ubao na ya kutunza wakati. Hapakuwa na nafasi ya kuandika kwamba mtoto mmoja aliingia katika kipindi akiwa na mkono juu na akatoka akiwa ameushusha. Tulikuwepo, tuliona, tukasaini. Mazoezi yalipokwisha tuliondoka pamoja na wanachuo wetu, na hadi siku ile ya mwisho hatukuuona tena mkono wake.